Lori la Baba Lililogoma Mlimani

Mimi si mtu wa subira, na watu wa Endagikot, penye gereji yangu, wanalijua hilo. Mteja akiniletea gari akaanza kunieleza ugonjwa wake kabla hajazima injini, namwambia akae kwenye benchi anyamaze, gari litajieleza lenyewe. Nimeshika spana miaka kumi na tisa sasa, tangu baba aliponiingiza chini ya lori lake nikiwa nimevaa suruali yake iliyofungwa kwa kamba kiunoni. Katika miaka yote hiyo hakuna gari lililonitia aibu kama lori lilelile la baba.

Baba yetu aliitwa Wolfgang. Jina alipewa na padri siku ya ubatizo, na hakuna mtu kijijini kwetu Tlawi aliyewahi kulitamka sawasawa, hata yeye mwenyewe. Alipokaribia kufa alimwita mdogo wangu Modest na mimi Kornelia, akasema lori Modest aliendeshe, mimi nilitengeneze, na mama asiguse chochote zaidi ya kupanda mbele na kukaa. Mama alikuwepo, akasema amesikia. Hakutii hata siku moja.

Wakati huo ninaousimulia lori lilikuwa linagoma. Likiwa linazungukazunguka sokoni Mbulu lilikuwa zima kabisa. Lakini Modest akipakia maharage Maretadu, akashusha Katesh, akaanza kupanda kurudi nyumbani, baada ya saa moja hivi nguvu zinaanza kupotea. Anakanyaga mafuta, lori halisikii. Anarudisha gia, anarudisha tena, mpaka linakohoa mara mbili tatu na kuzimika katikati ya mlima. Hapo atashuka, atachungulia kama dizeli ipo, atapiga pampu ya mkono pale ubavuni mwa injini, atawasha, litaondoka kama vile halikufanya lolote. Saa nyingine mbele, hadithi ileile.

Mara tatu katika mwezi mmoja. Wakulima wakaanza kutafuta malori mengine, na siwezi kuwalaumu, maana hakuna anayependa kukaa juu ya magunia yake porini akihesabu mawingu.

Halafu Modest akapigiwa simu na kampuni ya usafirishaji ya Dar es Salaam. Walitaka madereva wa kupeleka mizigo Zambia, wakampa mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata awe amejibu. Hakunificha. Alikuja gerejini, akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa sababu yeye hukaa juu ya tairi, akasema, "Dada, nimechoka. Likipanda, nabaki. Lisipopanda, Jumatatu ile nyingine naondoka."

Niseme ukweli, sikutaka aondoke. Huyu nilimbeba mgongoni nikiwa na miaka saba, akanikojolea mpaka nikamzoea. Yeye ndiye anayekaa na mama Tlawi, ndiye anayefunga zizi jioni, ndiye pekee anayeweza kumchekesha mama akiwa amenuna. Mimi nikienda kumwona mama tunagombana kuhusu chumvi. Nilimtazama pale kwenye benchi na moyo ukaniuma, lakini kwa vile mdomo wangu haujui kusema hivyo, nikamwambia, "Toka hapo, hilo ni la wateja."

Nikaanza kazi. Injini ya dizeli isipopata mafuta kwa msukumo unaotakiwa ni kama mtu unayempandisha mlima huku umemziba pua. Kwa hiyo nilijua tatizo liko kwenye msukumo wa mafuta. Swali lilikuwa unapotelea wapi. Modest aliwahi kununua dizeli ya dumu pembeni ya barabara, nikamlaumu kwa hilo kwanza, nikamlaumu vizuri. Nikabadilisha filta zote mbili. Nikafunga geji ya kupimia msukumo, nikavuta mpira wake mrefu mpaka ndani ya kabini, nikaibandika mbele ya dereva ili aone mshale wakati anaendesha. Nikafungua pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka kwenye tenki, nikaikagua, ilikuwa nzima. Nikafuata mipira yote kwa vidole nikitafuta mahali panapoingiza hewa, nikabadilisha mmoja ambao sikuupenda sura.

Lori likaenda Katesh. Likagoma. Modest akanipigia simu kutoka mlimani, akasema mshale umeshuka polepole mpaka chini kabisa.

Baba alinifundisha kwamba ukipotewa na ugonjwa, igawe njia katikati. Nikafunga dumu la dizeli nyuma ya kabini, nikaunganisha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja mpaka kwenye pampu, tenki nikaliacha nje ya hesabu. Tukalipakia lori mawe, tukapanda nalo kwenda Tlawi na kurudi, tukapanda tena. Mshale ukakaa palepale kama umepigwa msumari. Nilicheka peke yangu. Pampu haina kosa, ugonjwa uko upande wa tenki.

Nikashusha tenki. Nikalisafisha mpaka ndani pakang'aa, nikapuliza bomba la kuvutia, nikatoa uchafu kidogo uliojaa kiganja, nikauonyesha mtaa mzima. Nikalirudisha, nikawasha injini, na kwa saa nzima nikawa namulika ndani ya tenki kwa tochi huku mshale ukiwa umetulia. Nikatangaza kwamba limepona. Nilitangaza kwa sauti, maana mimi ndivyo nilivyo.

Jumanne likazimika mlimani.

Modest alirudi. Alinipa ufunguo tu. Mimi nikaona bora angenitukana, nikaanza mimi. Nikamwambia anaendesha kama anayekimbizwa na nyuki. Akaniambia fundi wa kweli angekuwa amemaliza zamani. Nikamwambia aende huko Zambia kwake. Maneno hayo yalinitoka, na hapohapo nikatamani niyaokote, lakini alikuwa ameshageuka.

Habari ikafika Tlawi kabla yake. Alhamisi asubuhi, wakati nimekwenda kuungana na Modest kwa safari ya mwisho kabla ya Jumamosi, nikamkuta mama ameshakaa kwenye kabini. Amevaa shuka lake la kitenge la kwendea kanisani, mkoba mapajani, kibuyu cha maziwa katikati ya miguu.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda kuona hicho kinachogombanisha watoto wangu."

"Baba alisema..."

"Baba yako alisema nipande nikae. Nimepanda, nimekaa. Ingia, unachelewesha watu."

Tulibanana watatu, mama katikati. Maharage tulipakia Maretadu, tukashuka nayo Katesh bila shida yoyote, maana kushuka hata lori lisilo na injini linaweza. Katesh tukapakia saruji na mabati ya kigango kimoja cha kanisa huko kwetu. Modest akajaza dizeli, akafunga kifuniko cha tenki kwa mikono miwili, akakipiga kofi. Yeye na mimi hatukuwa tumesemezana tangu asubuhi. Kila tulichotaka kuambiana tulimwambia mama, na mama, aliyekuwa katikati, alikuwa anatufikishia.

"Mama, mwambie aangalie mshale."

"Modest, angalia mshale."

"Mama, mwambie mimi si kipofu."

"Kornelia, mwenzako si kipofu."

Tukaanza kupanda. Mlima Hanang ukabaki nyuma yetu umejifunika wingu lake. Mshale ulikuwa juu. Nusu saa, mshale juu. Nilianza kuomba kimyakimya, na mimi huwa siombi kwa ajili ya magari. Kisha nikauona unashuka, kidogokidogo, hivi kwamba ukiutazama hauendi, ukitazama barabara ukarudi umeshuka. Modest akarudisha gia. Akarudisha tena. Lori likakohoa, likatetemeka, likazimika. Akavuta breki, mimi nikaruka nikaweka mawe kwenye matairi. Niliporudi alikuwa ameegemea usukani.

"Basi," akasema, safari hii akiniambia mimi. "Tumejaribu, dada. Asante."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana nilitaka kulia.

Mama hakusema pole. Alishuka, akakaa kwenye nyasi pembeni ya barabara, akatoa vikombe viwili vya bati kwenye mkoba. "Njooni mnywe. Mtu mwenye njaa hasemi basi, hajui anachosema."

Tukakaa. Mama akafungua kibuyu, akakiinamisha juu ya kikombe changu. Kibuyu chake kile kina shingo nyembamba, na maziwa yalikuwa mazito. Yalitoka kidogo, yakakwama, kibuyu kikasema gudu, yakatoka tena, yakakwama. Mimi na haraka zangu nikataka kumsaidia kukiinua zaidi.

"Acha," mama akanipiga mkono. "Ukikibinua hivyo hayatoki. Kiache kivute hewa."

Gudu, kikasema kibuyu, na maziwa yakaja.

Nilikaa nimeshika kikombe. Nikakumbuka dumu langu nyuma ya kabini, lile lililopanda Tlawi mara mbili bila shida: dumu lilikuwa halina kifuniko. Nikakumbuka tenki gerejini, na mimi nimeinama na tochi saa nzima nikichungulia ndani: tenki lilikuwa wazi. Kila nilipolipima lori lilikuwa limefunguliwa. Kila lilipogoma tenki lilikuwa limefungwa.

Na nani alikuwa amelifunga, nilimjua. Alikuwa ananimiminia maziwa.

Hii ilianza Pasaka. Kifuniko cha tenki kilikuwa kimechakaa, na katikati yake kuna kitundu kidogo kama cha sindano ya gunia. Barabara ikiwa mbaya dizeli ilikuwa inarukia hapo na pembeni, inachuruzika. Mama aliiona. Akasema mwanawe anahangaika barabarani na mafuta yake yanamwagika chini, na tena vibuyu vyake vya maziwa vinavyosafirishwa na lori vinanuka dizeli. Siku moja Modest amelala mchana, mama akakichukua kifuniko, akakifanyia vile anavyofanya kibuyu kilichopasuka, na katika kazi hiyo hakuna wa kumfikia Tlawi nzima. Akakata ngozi ya mbuzi, akaishona kwa ndani, akayeyusha nta ya nyuki, akaziba kila penye upenyo, pamoja na kile kitundu. Modest alipoamka alikiona akafurahi kama mtoto. Mimi nilipokiona nilikigeuzageuza nikasema, hata dukani hawana kitu kama hiki. Mimi, fundi, nilisema hivyo. Nilikishika mara ngapi baada ya hapo? Kila mara nilikifuta vumbi, nikakiweka pembeni kwa heshima, nikaendelea kutafuta ugonjwa.

Nikatazama mikono ya mama, nikaona siwezi kusema. Ningeweza kunyamaza, nikalegeza kifuniko kwa siri, nikanunua kingine Babati, nikasema ilikuwa pampu. Lakini Modest alikuwa ameweka kikombe chini na ametoa simu, anaiinua juu kutafuta mtandao, na nilijua anamtafuta nani.

"Modest, ngoja," nikasema. "Njoo hapa. Na wewe mama, njoo usikilize."

Tukasimama kwenye tenki. Nikaomba wanyamaze, nikazungusha kifuniko polepole. Kabla hakijatoka, ikasikika sauti. Fyuuuu. Tenki lilivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetoka kuzama.

"Hiyo sauti naijua," Modest akasema. "Kila nikifungua inakuja. Nilidhani ndiyo uzuri wa kazi ya mama, kwamba amekaza kweli."

"Ndiyo uzuri wake," nikasema. "Amekaza kweli. Pampu inavuta mafuta, tenki linataka hewa ijaze pale mafuta yalipotoka, hewa haina pa kupita. Mwishowe pampu inavuta na haipati kitu. Ni kama kibuyu." Sauti yangu ikapungua. "Mama, kile kitundu cha katikati kiliwekwa makusudi."

Mama alikichukua kile kifuniko mikononi mwangu. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono wake mwenyewe, mishono midogo, iliyolingana, ambayo hakuna mashine ingeishona. Hatukuthubutu kumtazama usoni.

"Nilidhani namtunzia mafuta yake," akasema. "Kumbe ni mimi niliyekuwa namfukuza."

"Mama, si hivyo," Modest akasema.

"Ni hivyo. Usinidanganye, mimi si mgonjwa." Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa msharasi wake wa kushonea vibuyu, ule wenye mpini wa mfupa. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akanikatalia kwa jicho. Akakaa kwenye jiwe lililokuwa limezuia tairi, akatafuta kwa ncha mahali pa kile kitundu, akasukuma. Ngozi yake ya mbuzi ilikuwa ngumu. Akasukuma tena, na nta ikachomoza upande wa pili, punje ndogo ya njano. Akaipuliza. Akaweka kifuniko mdomoni, akavuta hewa kupitia kile kitundu, akaitikia kwa kichwa kwamba inapita.

"Funga," akamwambia Modest.

Modest akafunga kwa nguvu zake zote, safari hii ili tuwe na hakika. Nikapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu. Injini ikawaka. Sikuondoa macho kwenye geji, na mama naye alikuwa ameikodolea kana kwamba ni mtoto mwenye homa. Nusu saa, mshale juu. Saa nzima, mshale juu. Ile kona ambayo lori lilizimikia Jumanne tuliipita na gia ya tatu, saruji na mabati na sisi watatu, na Modest akapiga honi bila sababu. Mbuzi wakatawanyika. Nikamwambia asipige honi ovyo, halafu nikaipiga mwenyewe.

Kule juu mtandao ukarudi. Modest akasimamisha lori, safari hii kwa kutaka kwake, akapiga simu akiwa palepale kwenye usukani.

"Shikamoo mzee. Ni Modest wa Mbulu. Nashukuru sana kwa kunifikiria. Hapana, sitakuja. Hapana, si mambo ya mshahara. Lori letu limepona."

Mama alikuwa amefumba macho akijifanya amesinzia. Machozi yalimtoka hivyohivyo, mdomo ukiwa umetulia, akayaacha yashuke mpaka kwenye kitenge cha kanisani. Mimi nikageukia dirisha, nikasema vumbi la saruji hili ni baya sana kwa macho.

Baadaye nilinunua kifuniko kipya Babati, cha chuma, chenye tundu lake, kizuri. Modest alikitazama, akakitundika kwenye ukuta wa gereji yangu, na kipo mpaka leo. Lori linatembea na kile cha ngozi. Nilibisha kidogo, kwa sababu ya ufundi, nikaacha.

Siku hizi lori likiwa linaondoka Tlawi alfajiri na mzigo, mama hutoka na msharasi wake. Haulizi mtu. Anazunguka mpaka kwenye tenki, anachomeka ncha katikati ya kifuniko, anaizungusha kidogo mpaka aridhike kwamba hewa inapita. Kisha anakuja upande wa dereva, anapiga mlango kwa kiganja mara moja, anasema, "Haya, nenda," na anasimama hapohapo mpaka taa zipotee kwenye kona.